Eshdavlat na Ufundi wa Kuanguka

Dada yangu Oysuluv aliolewa na Eshdavlat, mpiga mieleka ambaye hakuwahi kushinda. Wakati wa posa hatukulijua hilo. Tulichojua ni kwamba babu yake alishinda ngamia kwenye harusi moja kule Sherobod, na baba yake alishinda mafahali wawili na zulia ambalo hadi leo limetandikwa chumba chao cha wageni. Mwenyewe alipokuja kwetu kunywa chai ya kwanza aliinama ili apite mlangoni, na bado kofia ikabaki nje. Baba akasema huyu bwana akiegemea ukuta tutajenga upya. Tukampa dada.

Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na trekta kijijini kwetu Qizilsoy, kazi ya kumpeleka shemeji kwenye mashindano ikawa yangu. Huku kwetu milimani Boysun harusi bila mieleka ni kama mazishi ya mtu usiyemjua, unakula unaondoka. Basi nikawa namfikisha, namshikia joho, halafu namwokota. Tuliifanya kazi hiyo miaka kumi na mitano. Aliangushwa chali mara mia moja na kumi na mbili. Idadi naijua kwa sababu kila tuliporudi dada alikuwa akifunga fundo moja kwenye uzi wa sufu. Uzi ulipokuwa mzito akaufuma soksi.

Si kwamba hakuwa na nguvu. Nimemwona akimbeba ndama begani huku akisimulia habari nyingine. Tatizo lake lilikuwa kufikiri. Mpinzani akishamshika mkanda, Eshdavlat alianza kujiuliza huyu bwana anakusudia nini, na kwa nini akusudie hivyo na si vile. Kabla hajapata jibu, alikuwa tayari yuko juu. Aliniambia siku moja kwamba hewani ndiko anakopata utulivu.

Lakini kuanguka kwake, hapo ndipo watu walipoacha kutafuna. Mtu wa kawaida akipigwa mwereka huanguka kama gunia la viazi. Eshdavlat alianguka kama joho linalovuliwa. Bega lilitangulia, mgongo ukaja taratibu, kiuno kikafuata, miguu ikanyooka, na mkono wa kushoto ukagonga ardhi mara moja tu, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. Mwamuzi akiinua mkono na kuita "Halol", yaani umeanguka halali, mgongo mzima, hakuna la kubisha, yeye alikuwa ameshainuka, ameweka kofia sawa, na anamuuliza aliyemwangusha habari za wazazi wake. Wenzake walivunjika mabega na mbavu. Yeye hakuvunjika hata ukucha.

Watu wakamzoea, na mazoea yakaleta utani. Tukiingia na trekta kwenye kijiji cha watu, wazee walikuwa wakimuuliza, "Eshdavlat, leo unalala saa ngapi?" Naye alijibu kwa adabu kwamba inategemea ratiba.

Mambo yaliharibika siku ya Nairuzi, sikukuu yetu ya mwaka mpya inayokuja na machipuko. Mzee Norpolat, mwamuzi mkuu wa wilaya yetu, mtu mwenye masikio yaliyokunjamana kama tini kavu kwa sababu ya mieleka ya ujana wake, alimwita Eshdavlat pembeni kabla hajavua joho. Alimkalisha, akamkatia mkate, akamwambia kwamba kamati imekaa mara mbili. Vijana wanalalamika. Anayepangiwa Eshdavlat anaonekana amependelewa, na asiyepangiwa anasema kaonewa.

"Kwa hiyo tumeamua, mwanangu," akasema, "kuanzia leo, kukuangusha wewe hakuhesabiki. Ni kama kumwangusha mtu aliyekwisha lala."

Eshdavlat akauliza kama na yeye akimwangusha mtu haitahesabika. Mzee Norpolat akamkatia kipande kingine cha mkate. Akasema hilo kamati haikulijadili, kwa kuwa halikumjia mtu akilini.

Tulirudi nyumbani yeye akiwa ameketi kwenye tela, ameipa barabara mgongo. Baada ya hapo akawa anashinda na kondoo. Dada alinieleza kwamba siku moja alimkuta malishoni ameshikana na dume la kondoo, amelishika pembe kama mkanda, na dume likamwangusha. Alikataa kufunga fundo kwa hilo.

Wiki ya tatu akaja Hakberdi, muuza matikiti wa bonde la chini, na matikiti manane na mdomo mtamu. Alisifu ukoo wa Eshdavlat, akasifu zulia, akasifu mikate ya dada, hadi chai ikapoa mara mbili. Kisha akafika alikokuwa anakwenda. Mwanawe Shuhrat, daktari wa meno, anamwoa msichana wa Darband, wa ukoo wa wapiga mieleka, mwenye kaka saba. Ukoo huo una desturi yao wenyewe: mkwe hamwoni bibi harusi mpaka aangushe mtu mmoja mbele yao.

"Mwanangu ana mikono ya kung'oa meno tu, kaka Eshdavlat," Hakberdi akasema. "Nataka uje uangushwe."

Eshdavlat akaweka bakuli la chai chini. "Mimi sijawahi kuangushwa kwa kukusudia."

"Nani kasema ukusudie? Njoo upigane kama kawaida yako."

Dada alikuwa anamimina chai, akasimamisha birika. Mgeni alipoondoka, akamuuliza mumewe kama yule bwana amemtukana au amemsifu. Eshdavlat akasema hajajua bado.

Alifikiri siku nne. Hali chakula chake vizuri, hajibu salamu, anafikiri. Siku ya tano dada akachoka. Alinisimulia mwenyewe alichomwambia, na mimi naona ndicho kilichogeuza mambo: "Umeangushwa mara mia na kumi na mbili bila kuitwa na mtu. Hii ya mia na kumi na tatu umeitwa, kwa matikiti. Huoni tofauti?"

Akakubali, kwa sharti moja. Atapigana kweli. Hatamdanganya mtu yeyote, hasa kaka saba.

Harusi ilikuwa mwanzo wa vuli, jua la asubuhi, watu duara nzima. Wale kaka saba walikaa mbele, shingo zao nene kuliko vichwa. Katikati yao, juu ya magodoro matatu, aliketi bibi yao, Bibi Anzirat, mwenye miaka sabini na minane, mguu mmoja ameunyoosha kwa sababu majira ya baridi yaliyopita alivunjika nyonga akielekea kwenye tanuri la mikate. Mzee Norpolat ndiye mwamuzi. Alipomwona Eshdavlat akashtuka kidogo, akauliza kama haya ni mashindano au ni nini. Hakberdi akamwambia ni harusi, kamati haihusiki.

Shuhrat akaingia amevaa joho la babu yake, limemfikia kwenye vidole vya miguu. Walimvua miwani ili isivunjike. Bila miwani hakuona chochote, akawa anapapasa hewani kama mtu anayetafuta swichi ya taa. Eshdavlat alimwonea huruma, akamshika mikono akaiweka mwenyewe juu ya mkanda wake.

"Umenishika?" akamuuliza.

"Nadhani," akasema daktari.

Shuhrat akavuta. Hakuna kilichosogea. Akavuta tena. Eshdavlat naye, kama ilivyo tabia yake, akaanza kufikiri: huyu kijana anakusudia nini? Nilimwona usoni, alikuwa anasubiri kuinuliwa. Hakuna aliyemwinua. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kufikia mwisho wa wazo akiwa bado amesimama. Ndipo Shuhrat alipokanyaga pindo la joho lake mwenyewe, akaenda kinyumenyume, hakuachia mkanda, akaanguka chali bila mkunjo, na Eshdavlat juu yake.

Mkono wa Mzee Norpolat ukapanda wenyewe. Ni mkono wa miaka arobaini ya uamuzi, haukungoja ruhusa. "Halol," akasema, halafu akaonekana kama mtu aliyemeza kokwa.

Tukasikia mafuta ya pilau yakichemka jikoni. Eshdavlat alikuwa amepiga magoti, anatazama huku na huku.

"Nani?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Wewe," akasema mwamuzi.

"Mimi?"

Mimi kwa mazoea nilikuwa nimeshaingia uwanjani kumwokota shemeji. Nikakuta hakuna wa kuokota isipokuwa bwana harusi, nikamwokota huyo. Nyuma yangu Eshdavlat akaanza kulia. Alikuwa amelingoja neno lile miaka kumi na mitano, na sasa limekuja mahali pekee duniani ambapo hakuna hata mtu mmoja aliyetaka kulisikia. Mbaya zaidi, mshika zawadi alikuwa ameagizwa jambo moja tu, kwamba akisikia "Halol" amlete fahali kwa aliyebaki juu. Akamleta. Fahali akasimama karibu na Eshdavlat, akaanza kumlamba machozi.

Hakberdi akakaa chini, bila kuangalia kama kuna kiti. Kaka mkubwa wa Darband akamwendea mwamuzi, akamwomba kwa upole alirudishe lile neno. Mzee Norpolat akajibu kwamba hajawahi kurudisha neno, na akirudisha hili, itabidi arudishe na mengine, na wengi wa walioyapata wameshakufa. Wakabishana. Bibi harusi yuko ndani hawezi kuonyeshwa. Mikate inapoa. Shuhrat anauliza kila anayepita kama yeye ndiye mwenye miwani yake.

Basi Bibi Anzirat akasimama. Ilimchukua muda, na watu walimngoja.

"Huyu bwana amemwangusha mkwe wetu," akasema. "Aliyemwangusha mkwe wetu ametuangusha sisi sote. Nami nikimwangusha yeye, ukoo hauna deni. Nipeni mkanda."

Wajukuu wakasimama wote saba, wakiongea kwa pamoja, nyonga, daktari, umri. Akamwambia mkubwa wao, "Kaa chini. Wewe nilikuogesha." Akakaa, na sita wakakaa naye. Mzee Norpolat akatafuta kwenye kichwa chake kanuni inayokataza, hakuipata, akafungua uwanja.

Nilikuwa karibu, nikasikia. Eshdavlat alimnong'oneza, "Bibi, nyonga yako." Bibi akamjibu, "Nyonga yangu haikuhusu. Simama vizuri." Akaitupa fimbo, akashika mkanda, akazungusha bega kidogo tu, kama anayetoa mkate tanurini. Na shemeji yangu, kilo mia na ishirini na kofia, akaenda juu.

Nimeyaona maanguko yake yote na hili sijaona mfano wake. Alikaa hewani muda wa kutosha mtu kubadilisha mguu wa kukalia. Bega, mgongo, kiuno, miguu, mkono ukabisha hodi. Vumbi lenyewe lilipanda kwa utaratibu. "Halol," akasema Mzee Norpolat, na safari hii alilisema kwa hiari.

Kama alijiachia au aliangushwa kweli, mpaka leo sijui. Nimemuuliza mimi, amemuuliza dada, amemuuliza imamu. Jibu lake ni moja: "Yule bibi ana nguvu."

Mambo yakafunguka. Bibi harusi akaonyeshwa, miwani ikapatikana mfukoni mwa Hakberdi, fahali akapelekwa kwa Bibi Anzirat, ambaye alimtazama meno na kusema atafaa. Tulikuwa tumeshafika kwenye nyama ya tanuri alipotuma mtu amwite Eshdavlat. Nikaenda naye, nikidhani tunakwenda kuomba radhi.

Bibi akamwambia akae mahali atakapomwona vizuri. "Mimi nilianguka mara moja tu, hatua tatu kutoka kwenye tanuri langu, nikalala miezi minne. Wewe nimekurusha kutoka juu kule, umeinuka unaniuliza habari za wajukuu. Unafanyaje?"

Katika miaka yote ile watu walikuwa wamemuuliza Eshdavlat kwa nini anaanguka. Hakuna aliyewahi kumuuliza anaangukaje. Basi akasimama, akaanguka pale pale katikati ya mabakuli ya chai, polepole, ili bibi aone. Bibi akasema hakuona mkono. Akaanguka tena. Kufikia mara ya saba walikuwa wamekusanyika bibi wengine kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa anamshikia kofia.

Wiki iliyofuata Bibi Anzirat akaja Qizilsoy kwenye lori la mjukuu, na wenzake sita, kila mmoja na godoro lake. Tukatandika kwenye zizi la kondoo, kondoo tukawatoa nje, nao wakasimama mlangoni wakitazama.

Masomo ya kwanza yalikuwa aibu. Eshdavlat aliwafundisha jinsi alivyofundishwa na baba yake: ruka, kunja kidevu, geuza bega. Bibi Robiya hakuweza kuruka. Bibi Tursunoy aliweza kukunja kidevu lakini hakuweza kukikunjua. Siku ya tatu Eshdavlat alikaa chini akasema labda kamati ilikuwa na haki, kwamba hata kuanguka hawezi kumfundisha mtu mwingine. Bibi Robiya, akiwa amelala kwenye godoro kwa sababu kuamka ni kazi, akamwambia bila hasira, "Mwanangu, sisi hatuangushwi na watu. Sisi tunaanguka tukiwa na ndoo mkononi."

Eshdavlat akafikiri. Safari hii hakukuwa na mtu wa kumrusha katikati ya wazo, akalifikisha mwisho. Asubuhi yake akaacha mafundisho ya baba yake na babu yake, akaenda kwao, akaanza kuwafuata bibi wale siku nzima, nyuma yao hatua mbili, kutoka kisimani hadi bandani, kutoka bandani hadi kwenye tanuri, akitazama miguu yao. Waume zao waliosalia walimtazama kwa mashaka. Akarudi nyumbani akajifunga kitambaa cha dada kichwani, akachukua ndoo ya maji, na akaanguka uani kwake kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Mwanzoni maji yote yalimwagika. Mwisho yalikuwa yanamwagika robo. Majirani walipanda kwenye ukuta kutazama, na mimi nililowa mara tatu kwa kusimama karibu.

Hivyo ndivyo alivyopata maanguko yake mapya. Kuna anguko la ndoo. Kuna anguko la mikate, ambalo mtu huanguka na sinia juu. Kuna anguko la mgeni, la kujikwaa kizingitini huku unasalimia, na ukilifanya vizuri salamu haikatiki. Kuna anguko la mjukuu, ambalo aliwakataza kulijaribu bila mto wa pamba badala ya mtoto. Walijifunza wakiwa wamekaa kwanza, kisha wakiwa wamepiga magoti, kisha wakiwa wamesimama. Asiyeweza upande wa kulia alianguka upande wa kushoto. Bibi Tursunoy akapewa lake peke yake, kwa ajili ya kidevu.

Theluji ikaja na barafu yake. Mwisho wa Februari akatujia Mardon, tabibu wa mifupa, uso umeshuka. Alikaa sebuleni, akanywa chai, akasema tangu Desemba hajaunga hata kifundo kimoja cha mkono. Amekaa na vibao vyake na bandeji zake, anamsikia bibi wa jirani akiteleza, anatoka mbio, anamkuta ameshasimama anajipangusa. Alisema si vizuri kumfanyia hivyo mtu mwenye familia. Eshdavlat alisikitika kweli. Dada akamuuliza Mardon ana miaka mingapi. Akasema sitini na tisa. Dada akamletea godoro.

Ukafika mwezi wa Nairuzi tena, na Mzee Norpolat akaja mwenyewe, kwa miguu, na wanakamati wawili nyuma yake. Alizungukazunguka kwenye habari za mvua na malisho. Kisha akasema kamati imekaa. Ule uamuzi wa mwaka jana wameufuta. Daktari wa meno ni mtu, na mtu akianguka ameanguka. Eshdavlat ni mshindi kama washindi wengine, na Jumapili anakaribishwa uwanjani.

Nilimtazama shemeji. Nilidhani ataomba joho lake hapo hapo.

"Jumapili gani?" akauliza.

"Hii inayokuja."

"Hii nina darasa la akina bibi wa Kofrun," akasema Eshdavlat, na alionekana kuumia kidogo, sitadanganya. Alisugua goti. "Wameshakodi gari."

Mzee Norpolat akakohoa. Akasema kuna na jambo la pili, ambalo kwa kweli ndilo la kwanza. Vijana wake wanane wamevunjika msimu huu, mabega, mbavu, mmoja taya. Kama ingewezekana wafundishwe.

Eshdavlat akasema inawezekana, lakini watakaa nyuma, kwa sababu bibi walitangulia kujiandikisha.

Wakaja Jumapili ile ile, mashindano yakaahirishwa kwa kukosa watu. Wapiga mieleka wanane, bingwa wa wilaya akiwa mmoja wao, walijipanga nyuma ya zizi kila mmoja na ndoo yake ya maji. Eshdavlat alikuwa mbele na wageni wa Kofrun, kwa hiyo safu ya nyuma akamwachia Bibi Anzirat. Bibi akapita katikati yao na fimbo, akiwagonga magoti ili wayalegeze. Alipofika kwa bingwa akamwambia aanguke. Bingwa akaanguka, maji yakamwagika yote, yakafika hadi kwenye magodoro.

Bibi Anzirat alimtazama akiwa pale chini, bila haraka.

"Unaanguka kama mtu anayetaka kuonekana," akamwambia. "Nenda kajaze ndoo."